Chawa wa Angani

Henri Mignet hakuwa mhandisi wa ndege. Alikuwa mtu wa redio, mzaliwa wa 1893 huko Saintes, magharibi mwa Ufaransa, na kwa kauli yake mwenyewe hakuwa hata rubani wa kusifiwa. Ndege za zama zake zilitaka mkono ufanye hili na miguu ifanye lile kwa wakati mmoja, na jambo hilo halikumkaa mwilini. Wengi wakifika hapo husema kuruka hawakuandikiwa. Mignet yeye aliamua kwamba kosa ni la ndege.

Uamuzi huo ndio uliozaa kitabu chake cha mwaka 1934, Le Sport de l'Air. Nusu yake ni kumbukumbu za mtu aliyehangaika na mbao na vitambaa kwa zaidi ya miaka 20, na nusu nyingine ni maelekezo ya kujiundia ndege nyumbani, yakiwa na michoro ya mkono wake. Ndege yenyewe aliipa namba HM.14 na jina la utani Pou-du-Ciel, Chawa wa Angani. Alimwahidi msomaji kwamba kazi hiyo haihitaji ufundi mkubwa kuliko wa kutengeneza sanduku la mizigo. Ahadi hiyo ilimpa umaarufu, na baadaye ikamtokea puani.

Hakuwa wa kwanza kuwaza hivyo. Alberto Santos-Dumont, Mbrazili aliyekuwa akiishi Paris, alikuwa ameshaunda ndege ndogo ya mianzi na hariri iliyoitwa Demoiselle. Aliziachia ramani zake bure kwa yeyote aliyezitaka, na mwaka 1910 jarida la Popular Mechanics la Marekani likazichapisha. Lakini Santos-Dumont alikuwa mwana wa tajiri wa kahawa. Mignet alikuwa na mkewe, hema, na vifaa vya seremala.

Chombo chake cha kwanza alikiunda mwaka 1912, kabla ya Vita vya Kwanza vya Dunia. Vilivyofuata alivipa herufi za jina lake na namba, na vingi vilifaa zaidi kumfundisha kuliko kumfikisha popote. Mwishoni mwa miaka ya 1920 akapata moja iliyotulia, HM.8, akaandika katika gazeti la Les Ailes kuuliza kama mtu wa kawaida anaweza kujiundia ndege. Barua za wasomaji zilimjibu kwamba wanaotaka kujaribu ni wengi. Hata hivyo HM.8 ilikuwa bado ndege ya kawaida, yenye ile kazi ya mikono na miguu iliyomshinda. Akahamia na mkewe katika msitu karibu na Soissons, kaskazini mwa Ufaransa, wakaishi kwenye hema, naye akaanza upya.

Hesabu yake inafaa kufuatwa taratibu, maana ndiyo hesabu ya kila ndege ya bei nafuu iliyoundwa tangu hapo. Pesa nyingi za ndege haziko kwenye mbao. Ziko kwenye uzito. Ukiongeza kiti cha pili, bawa linataka kuwa kubwa. Bawa likikua, mhimili wake unataka kuwa mnene. Injini inayotosha inakuwa nzito zaidi na inakunywa zaidi. Tangi linakua, na magurudumu ya kubeba vyote hivyo lazima yawe imara. Kilo moja huzaa nyingine. Ukirudi nyuma kwa njia hiyo hiyo, kila unachokiondoa huondoka na wenzake.

Mignet akaondoa. Kiti kikabaki kimoja. Vibawa vidogo vya kwenye ncha za mabawa, vinavyolaza ndege upande inapokata kona, akavitoa. Pedeli za miguuni akazitoa. Akabaki na mabawa mawili, moja mbele juu ya kichwa cha rubani na jingine nyuma yake, chini kidogo. Bawa la mbele lilikuwa mita 6 kutoka ncha hadi ncha na urefu wa ndege mita 3 na nusu hivi. Mwili ulikuwa sanduku la plaiwudi. Injini ya mwanzo ilikuwa Aubier-Dunne ya sentimita za ujazo 500, nguvu za farasi 17, ya jamii ya pikipiki zinazochanganyiwa oili ndani ya petroli.

Mkono mmoja wa usukani ulifanya kazi yote. Ukivutwa nyuma, bawa zima la mbele liligeuka kwenye bawaba zake na kuinua uso wake kuukabili upepo, ndege ikapanda. Ukisukumwa kushoto, usukani mkubwa wa mkia ulikwenda kushoto, na kwa kuwa ncha za mabawa zilikuwa zimepindwa juu, ndege ililala yenyewe upande wa kona. Miguu haikuwa na kazi.

Alikuwa na sababu nyingine pia, na hii ilihusu uhai wa watu. Marubani wengi wapya walikuwa wakifa kwa jambo moja: ndege ikienda taratibu mno huku pua imeinuka, upepo huacha kushika mgongo wa bawa, mnyanyuo hukatika, na ndege huanguka ikizunguka kama pia. Mignet aliona kwamba mabawa mawili yakikaribiana hivi, upepo unaobanwa katikati yake hulifanya bawa la nyuma liendelee kubeba hata mwendo ukipungua. Katika hilo alikuwa sahihi. Chawa wa Angani alikataa kuanguka kwa njia ile ya zamani.

Tarehe 10 Septemba 1933 aliruka nayo. Tarehe 13 Agosti 1935 aliivusha Mlango wa Bahari wa Uingereza mwenyewe, kutoka pwani ya Ufaransa hadi Lympne, na Waingereza wakashikwa na homa. Tafsiri ya kitabu chake ilitoka mwaka huo huo, na nakala 6,000 za toleo la kwanza ziliisha ndani ya mwezi mmoja. Katika gereji, vibanda vya bustani na kumbi za vijiji, watu ambao hawajawahi kukanyaga ndani ya ndege walianza kukata plaiwudi. Serikali nayo ililazimika kubuni kibali maalumu, kwa sababu sheria zilizokuwepo hazikumjua mtu mwenye ndege ya kujitengenezea sebuleni.

Kisha watu wakaanza kufa.

Ajali za 1935 na 1936, Ufaransa na Uingereza, zilikuwa na sura moja. Ndege ilikuwa ikiruka vizuri, pua ikainama, labda kwa mawimbi ya upepo au kwa rubani kutaka kushuka haraka. Rubani akavuta mkono nyuma, kama kitabu kinavyosema na kama akili inavyotaka. Pua ikazidi kuinama. Akavuta zaidi, ndege ikaenda chini moja kwa moja hadi ardhini.

Mwaka 1936 ndege nzima iliwekwa ndani ya handaki la upepo, kule Chalais-Meudon nchini Ufaransa na kule Farnborough nchini Uingereza, na majibu yakawa yale yale. Ule uwazi mwembamba kati ya mabawa, uliokuwa ukiokoa ndege inapokwenda taratibu, ndio uliokuwa ukiizamisha inapoinamisha pua. Rubani akivuta mkono, ukingo wa nyuma wa bawa la mbele unashuka na kulikaribia bawa la nyuma. Uwazi unabanwa, upepo unapita hapo kwa kasi, na bawa la nyuma linapata mnyanyuo mkubwa kuliko la mbele. Mkia unainuliwa. Pua ikishainama kupita nyuzi 15 hivi, hakuna mkono utakaoirudisha. Vibali vikasitishwa, na Chawa wengi wakaishia kutundikwa kwenye dari za majumba ya makumbusho.

Ni rahisi kumwita Mignet mzembe, lakini hilo si haki. Kila alichokiandika alikuwa amekiona kwa macho yake. Alikuwa ameruka na ndege ile mara nyingi, na hakuna siku iliyomkataa. Tatizo lilikuwa kwamba alikuwa mtu mmoja, mwenye uzito wake, injini yake nyepesi, na tabia yake ya kuruka kwa upole juu ya uwanja anaoujua. Majaribio ya mtu mmoja hupima chombo, na pia humpima yeye mwenyewe. Kile ambacho hana mazoea ya kukifanya hakijaribiwi, na hajui kwamba hakijajaribiwa. Wajenzi wa Uingereza walikuwa wazito au wepesi kuliko yeye, walifunga injini nzito za aina nyingine, wengine wakasogeza mabawa kidogo ili mambo yaingie vizuri. Kitabu kilichowaambia kwamba kazi ni nyepesi kiliwafanya wadhani kwamba vipimo navyo ni vya kukadiria.

Mignet alirekebisha umbali wa mabawa na umbo lake, akaendelea. Baada ya Vita vya Pili aliunda ndege za ukoo huo huo akiwa Argentina, Japani na Morocco, akafariki mwaka 1965. Chama cha Wafaransa wanaojiundia ndege kilichukua jina lake, Réseau du Sport de l'Air, kutoka kwenye kitabu chake. Na mjukuu wa mbali wa Chawa, HM 1000 Balerit ya viti viwili, ilikuja kutumiwa hata na jeshi la Ufaransa. Kwa mtu aliyeshindwa kuzoea pedeli, si haba.

Wakati Mignet akiwa msituni, ng'ambo ya Atlantiki fundi mwingine asiye na shule ya uhandisi wa ndege alikuwa amechukua njia iliyo kinyume kabisa. Bernard Pietenpol aliishi Cherry Grove, kijiji cha wakulima huko Minnesota. Hakutaka kubuni upya namna ya kuruka. Ndege yake, Air Camper, ilikuwa na bawa, mkia, vibawa na pedeli kama za kila mtu. Alichobadilisha ni kimoja: injini. Injini za ndege zilikuwa ghali, lakini kila wilaya ilikuwa na magari ya Ford Model A. Akafunga injini hiyo ya nguvu za farasi 40 hivi, yenye kuzunguka polepole na kwa hiyo kuweza kuzungusha panga boi kubwa bila gia. Mhariri wa jarida la Modern Mechanics alikuwa ameandika kwamba injini za magari hazifai angani. Mwaka 1930 Pietenpol na wenzake walimpelekea ndege mbili kwa njia ya anga. Mhariri akageuka kuwa mtangazaji wake mkuu, na mwaka 1932 ramani zilichapishwa katika Flying and Glider Manual.

Air Camper inaundwa hadi leo. Haikuwahi kuwa na ajabu ya Chawa, na huenda hiyo ndiyo sababu. Pietenpol aliweka jambo moja geni ndani ya mambo kumi yaliyozoeleka, kwa hiyo kitu kilipoharibika alijua pa kutazama. Mignet aliweka mambo mengi mageni kwa pamoja. Baadaye Pietenpol alipata riziki kwa kutengeneza televisheni, na aliendelea kuwauzia watu ramani zake kwa pesa kidogo mpaka uzeeni.

Katika miaka ya 1970 wazo la ndege ya maskini lilirudi kupitia mlango wa nyuma. Vijana wa Marekani walikuwa wakiruka na mabawa ya kujifunga mwilini kutoka kwenye vilima. John Moody, aliyekuwa akiishi katika jimbo tambarare la Wisconsin, aliona kwamba vilima ndivyo vinavyokosekana, akafunga injini ya gari dogo la mashindano kwenye bawa lake. Mwaka 1976 aliwaonyesha wajenzi wa ndege waliokusanyika Oshkosh, akipaa kwa kukimbia kwa miguu yake mwenyewe. Miaka sita baadaye sheria ya Marekani ilivikubali vyombo vya namna hiyo. Kanuni inayoitwa Part 103 ya mwaka 1982 inasema hivi: chombo cha mtu mmoja, kisichozidi kilo 115 kikiwa kitupu, kisichobeba zaidi ya lita 19 za mafuta, kisichozidi kilomita 102 kwa saa, na kinachoweza kubaki hewani hata kwa kilomita 44 kwa saa, hakihitaji usajili wala leseni ya rubani. Lakini kiruke mchana, na kisipite juu ya makazi ya watu.

Hiyo kilo 115 ndiyo hesabu ya Mignet iliyogeuzwa kuwa sheria. Wabunifu wamekuwa wakipambana nayo tangu siku hiyo kwa werevu wa kufurahisha. Leonard Milholland, mbunifu wa Legal Eagle, alichukua injini ya Volkswagen ya mitungi minne, akaikata katikati, akaruka na nusu yake. Affordaplane ya Dave Edwards ilitengenezwa kwa mabomba ya mraba ya aluminiamu yanayounganishwa kwa bolti na vipande vya bati nene, ili asiyejua kuchomelea asikwame. Gundi ya kaseini, ile ya maziwa iliyokuwa ikioza ikipata unyevu, imeachia nafasi yake kwa epoksi. Kitambaa cha pamba na rangi zake za kunuka kimekuwa poliesta, ambacho hunyooshwa kwa pasi ya nguo: fundi hukibandika kikiwa kimelegea, kisha hupitisha pasi iliyopimwa joto lake kwa kipimajoto, na kitambaa hujikunyata mpaka kinalia kama ngoma kikigongwa kwa kidole.

Lakini sehemu ya kazi ambayo haijabadilika ni ile isiyopendeza kupigwa picha. Anayeunda bawa la mbao huanza na mbavu zake, na mbavu hutengenezwa kwenye ubao wenye vishikizo vilivyopigiliwa kufuata mchoro, ili ya kwanza na ya mwisho zilingane. Kila anapokoroga gundi, fundi makini huunganisha pia vipande viwili vya mabaki ya mbao na kuviandika tarehe. Kesho yake huvibana kwenye jiliwa na kuvipiga nyundo. Mbao zikipasuka pembeni na kiungo kikabaki kizima, gundi ya jana ni njema. Kiungo kikiachia, basi kila alichokigundisha jana hutupwa, hata kama ni kazi ya jioni nzima. Kitu hicho hakigharimu chochote zaidi ya moyo.

Kingine ni mizani. Ndege ikikamilika huwekwa juu ya mizani mitatu, mmoja kwa kila gurudumu, rubani akiwa ndani. Kila uzito huzidishwa kwa umbali wake kutoka kwenye alama moja, vyote vikajumlishwa na kugawanywa kwa uzito mzima, na jibu ni mahali kilipo kitovu cha uzito. Kwa ndege nyingi za kawaida, kitovu hicho kinatakiwa kiangukie kati ya robo na theluthi ya upana wa bawa, ukipima kutoka ukingo wa mbele. Kwa bawa lenye upana wa sentimita 120 hiyo ni nafasi ya sentimita 10 tu. Kikiwa mbele mno, pua haiinuki vizuri wakati wa kutua. Kikiwa nyuma mno, ndege haitulii, na ikianza kuanguka huenda isirudi. Injini nzito kwa kilo chache au betri iliyohamishiwa mkiani inatosha kukitoa humo. Waingereza wa 1935 waliofunga injini walizozipata kwa bei nzuri wangehitaji jioni moja tu ya hesabu hii, ingawa isingewaokoa na ule uwazi wa mabawa.

Magazeti ya Kenya na Tanzania yameshaandika mara kadhaa habari za vijana waliojiundia ndege au helikopta uani, kwa mabomba ya chuma, mabati na injini za pikipiki au gari. Picha huwa moja: chombo barabarani, umati, na mwenyewe kwenye kiti akiwa na kofia ngumu. Chombo hukimbia chini, pengine huruka hatua chache, au hakiruki kabisa, na mamlaka ya usafiri wa anga huja kusema kwamba hakuna kibali. Wasomaji hugawanyika kati ya wanaocheka na wanaosema serikali inaua vipaji. Wote hawaulizi kilo. Bomba la maji la chuma, ambalo fundi wa milango hulichagua kwa sababu anajua kulichomelea, ni zito mara nyingi kuliko linalohitajika angani. Vijana hao wanacho kile Mignet alichokuwa nacho msituni, na pengine ujasiri zaidi. Ramani iliyokwisha kujaribiwa na mamia ya watu, pamoja na mkaguzi anayepita kuangalia viungo kabla havijafunikwa kwa kitambaa, kama wafanyavyo leo wenzao wa Ufaransa na Uingereza, vingewafaa kuliko injini kubwa zaidi.

Na wa nyanda za juu wana deni moja ambalo Mignet hakulipa. Injini isiyo na turbo hupoteza kama asilimia 3 ya nguvu zake kwa kila mita 300 unazopanda, kwa sababu hewa inapungua uzito. Bawa na panga navyo hupata hewa nyepesi ya kushika, hivyo ndege inahitaji uwanja mrefu zaidi kabla ya kuacha ardhi. Nairobi iko zaidi ya mita 1,600 juu ya usawa wa bahari, na jua la mchana linaifanya hewa iwe nyepesi zaidi. Ile Aubier-Dunne ya farasi 17, iliyotosha kwenye nchi ya chini ya Soissons, ingeamka Nairobi ikiwa na farasi 14, na jasiri wa mwaka huu mwenye injini ya pikipiki ya mizigo atafanya vizuri kupiga hesabu hiyo kabla hajanunua plaiwudi.